BARABARA ILIYOTULISHA

Hotuba ya madereva na matanboi wa zamani wa njia ya Arua na Koboko, iliyosomwa katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jamii, wawakilishi wa Ofisi ya Waziri Mkuu na wa mashirika, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama, vijana, wenyeji wetu wa Koboko na wageni wote,

Kamati ilituomba tuseme juu ya jambo moja: kazi tulizofanya kabla ya kuwa wakimbizi. Tumekaa chini ya mwembe mara tatu, sisi wazee saba tuliobaki, tukakubaliana yale ya kusema, na mmoja wetu akayaandika. Anayesoma ni mtu mmoja, lakini maneno ni ya wote saba.

Sisi tulikuwa watu wa malori. Vijana wengi hapa wanatujua kama wazee wa mstari wa chakula, wazee wa fimbo na wa kikohozi. Tungependa leo wajue kwamba mikono hii iliwahi kushika usukani kutoka Mombasa hadi Juba, na kwamba chakula kilichowalisha wazazi wa baadhi yenu kilipakiwa na kushushwa na mikono hii hii.

Sisi ni nani

Watatu kati yetu walizaliwa upande wa Kongo, karibu na Aba na Aru. Watatu ni watu wa Yei. Mmoja ni mwenyeji wa hapa hapa Koboko. Yeye leo si mkimbizi, ila alikuwa mkimbizi kabla yetu, kama mtakavyosikia. Wanne walikuwa madereva na watatu walikuwa matanboi. Tuliingia kazini kwa nyakati mbalimbali, kati ya mwaka 1973 na 1984, katika kampuni moja ya usafirishaji iliyokuwa na yadi kubwa Kampala na yadi ndogo Arua. Jina la kampuni hatulitaji, kwa sababu imekwisha kufa, na wenyewe hawapo hapa wajibu.

Mtu anaweza kuuliza, inakuwaje watu wa nchi tatu wafanye kazi katika kampuni moja? Jibu ni hii Koboko yenyewe. Kule Salia Musala mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana kama mafiga matatu ya jiko moja. Mkakwa yuko pande zote tatu. Mtu wa Aba huja sokoni Koboko, na mtu wa Yei ana shangazi Arua. Kampuni ilitaka watu waliojua njia, waliojua lugha, na waliokuwa na ndugu wa kuwapa mahali pa kulala gari likiharibika. Watu wa namna hiyo walijaa hapa.

Njia yenyewe

Kwa wale wasioijua njia, tuieleze. Mzigo ulitoka bandarini Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Kampala, kwa kupitia Nairobi na mpaka wa Malaba, ni karibu kilomita 1,170. Kutoka Kampala unapanda kaskazini hadi Karuma, unavuka Nile kwa daraja, kisha unakunja kushoto kuelekea Pakwach kando ya mbuga ya Murchison, mahali ambapo tembo alikuwa na haki ya njia kuliko lori. Pakwach unavuka Nile tena kwa daraja, na hapo ndipo unapoingia West Nile. Unapanda Nebbi, unafika Arua. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Arua hadi Koboko ni karibu kilomita 55. Kutoka Koboko ni mwendo mfupi hadi Oraba, unavuka mpaka hadi Kaya, halafu Yei, halafu Juba, zaidi ya kilomita 200 nyingine.

Tukienda tulibeba chumvi, sukari, sabuni, mabati, saruji na mafuta ya taa. Tukirudi tulibeba tumbaku ya West Nile, pamba, kahawa, ufuta na samaki wakavu wa Pakwach. Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 Sudan ya Kusini ilipata amani ya miaka kadhaa, na Juba ilihitaji kila kitu, hata misumari. Ndiyo miaka ambayo wakubwa miongoni mwetu walijifunza njia ile.

Vijana mnaokwenda Arua leo kwa saa moja hamwezi kuielewa njia hiyo kama ilivyokuwa. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Zamani ilikuwa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi lilikuwa zito hata dereva wa nyuma aliwasha taa mchana. Wakati wa mvua tulikata matawi, tukayapanga chini ya tairi, tukasukuma, gari likatoka hatua kumi, likazama tena. Kilomita 55 zilitumia siku mbili, na mwaka mmoja zilitumia siku tano. Akina mama wa vijiji vya kandokando walituletea mihogo na maji, nasi tuliwalipa kwa chumvi. Wengine hawakutaka malipo. Hao tunawakumbuka hadi leo, ijapokuwa majina yao hatukuyajua.

Kazi ya dereva na kazi ya tanboi

Watu wengi hudhani lori ni la dereva. Si kweli. Lori ni la watu wawili. Dereva anaangalia mbele, na tanboi anaangalia kila kitu kingine: tairi, springi, turubai, kamba, maji ya rejeta, wezi. Tanboi alilala juu ya mzigo, mvua au jua. Gari likishindwa mlima na kuanza kurudi nyuma, tanboi ndiye aliyeruka chini na gogo mkononi na kulitia nyuma ya tairi. Akichelewa kidogo tu, gari na mzigo na dereva vimekwenda bondeni. Akiwahi vibaya, mkono wake umebaki chini ya tairi. Mmoja wetu hapa ana vidole viwili tu katika mkono wa kushoto. Gari lile halikuanguka, na dereva aliyekuwa ndani yake ameketi karibu naye leo.

Barabara ilikuwa na sheria zake, ambazo hazikuandikwa popote. Tunazitaja kwa ajili ya vijana wetu wenye bodaboda na wale wanaotaka kuwa madereva, kwani bado zinafaa.

Kwanza, ukiharibikiwa, kata matawi mabichi uyaweke barabarani, mbele na nyuma, mbali na gari. Mwenzako akiona tawi ajue kuna hatari. Ukimaliza, yaondoe. Tawi lililosahauliwa ni uongo, na watu wakizoea uongo hawataamini tawi la kweli.

Pili, shuka mlima kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Anayeshuka kwa breki tupu, breki zake hupata moto, na breki ikipata moto haishiki tena. Injini ndiyo breki ya kwanza. Wenzetu wengi wamezikwa kando ya milima kwa sababu walikuwa na haraka ya kufika chini.

Tatu, lori lililokwama halipitwi. Unasimama, unauliza: una maji, una chakula, una spana? Hata kama ni la kampuni nyingine, hata kama ni la kabila ambalo huna mapatano nalo. Kesho ni wewe.

Nne, mzigo ni amana. Magunia yaliyohesabiwa Kampala yahesabiwe Koboko yakiwa yale yale. Miaka ile ya magendo, bidhaa zilipokuwa adimu, gunia la sukari lilikuwa kama dhahabu, na vishawishi vilikuwa vingi. Aliyeuza gunia la amana alijulikana kutoka Malaba hadi Kaya, na hakuna aliyetaka kulala naye yadi moja.

Lugha ya barabara ilikuwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kikakwa, Kilugbara, Kibangala na Kiarabu cha Juba, lakini spana, mpaka, askari na bei vilizungumzwa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Wengi hawakukipenda kwa kuwa walikisikia kwa askari, wakati wa kupigwa au kuibiwa. Sisi tulikipata kwa njia nyingine, kwa wapishi wa Mombasa na mafundi wa Nairobi, na kwa madereva waliotusaidia kutoa tairi kwenye tope. Hivyo kwetu kimebaki lugha ya msaada, na ndiyo maana hotuba hii tumeiandika kwa Kiswahili, ili mtu wa Aba na mtu wa Yei waisikie kwa pamoja.

Vita vilivyopita juu ya barabara

Barabara inayoleta chumvi ndiyo hiyo hiyo inayoleta vifaru. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nayo, na kufikia mwanzo wa Juni walikuwa wamefika West Nile hadi mpakani. Kisha Oktoba 1980 vita vilirudi Koboko na Arua, na watu wengi mno wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan. Miji ilibaki tupu. Wale kati yetu waliopita Arua mwaka uliofuata waliona majani yakiota ndani ya maduka.

Ndugu yetu wa hapa Koboko alivuka kwa miguu na mke na watoto wawili hadi Yei. Huko alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dereva mwenzake. Alipewa chumba, shamba na mbegu, akakaa miaka mitano na zaidi. Mwaka 1986 mapigano ya Sudan yalipowafikia wakimbizi wa Uganda kule, alirudi nyumbani na watu wake kwa barabara ile ile.

Mwaka 2016 ikawa zamu nyingine. Vita vya Juba vya mwezi Julai vilienea hadi Yei, na watu wakamiminika kuja Uganda. Dereva yule wa Yei, sasa mzee, alifika Koboko amechoka, hana kitu. Hakuuliza ofisi iko wapi. Aliuliza nyumba ya mwenzake. Alipewa chumba, shamba na mbegu. Hawa wawili wako hapa mbele yenu na hawataki tuseme mengi juu yao. Tunataka tu wageni wetu wa mashirika wajue kwamba kabla ya kuwapo karatasi yoyote ya usajili, kulikuwa na deni la namna hii kati ya watu wa pande hizi. Deni hilo halina riba, na kila upande umelilipa angalau mara moja.

Kubeba chakula cha wakimbizi

Mwaka 1993 vita vya Sudan vilisukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Koboko. Walikaa katika kambi za muda, na tangu mwaka 1994 wengi walihamishiwa makazi ya Ikafe, upande wa Aringa. Kampuni yetu ilipata kazi ya kubeba mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kwa hiyo tuliacha sukari ya wafanyabiashara, tukawa watu wa magunia ya msaada.

Tungependa kuwaeleza vijana hesabu tuliyofundishwa wakati ule na mtunza ghala. Mgao kamili wa nafaka ulikuwa gramu 400 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Lori la tani 10 hubeba magunia 200 ya kilo 50. Gawanya kilo 10,000 kwa 12, utapata watu 833. Kila mara tulipofunga turubai juu ya lori moja tulijua kwamba watu wapatao 800 watakula mwezi mzima kwa mzigo ule, au hawatakula. Hesabu hiyo ilitufanya tuendeshe kwa adabu. Lori la saruji likianguka, tajiri anapata hasara. Lori la mahindi likianguka, kijiji kizima kinalala njaa.

Miaka ile kuendesha kulihitaji moyo. Kati ya Karuma na Pakwach waasi wa LRA walivizia magari, na mwaka 1996 hali ilikuwa mbaya sana. Magari yalikwenda kwa msafara, na askari mbele na nyuma, na hata hivyo watu waliuawa. Upande wetu waasi wa West Nile Bank Front walishambulia mwaka 1996 na 1997, mabomu yakafukiwa barabarani, na Ikafe ikavunjika. Tanboi alikaa juu ya mzigo akitazama udongo mbele ya gari, akitafuta mahali palipochimbwa upya. Kila asubuhi tuliaga kana kwamba haturudi, na baadhi hawakurudi. Amani ilirudi polepole. Tarehe 24 Desemba 2002 waasi wa UNRF II walitia sahihi mapatano na serikali kule Yumbe, na sisi tunaoijua barabara ya Yumbe tulielewa maana ya sahihi hiyo.

Leo tunasimama upande wa pili wa gunia. Tunapanga mstari na kadi mikononi. Hatuoni aibu, kwani njaa haina cheo. Lakini hesabu yetu hatujaisahau, na tunaomba ruhusa tuitumie mbele ya wageni. Aprili 2020 mgao wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda ulishushwa hadi asilimia 70, Februari 2021 hadi asilimia 60, na mwaka 2023 watu waligawanywa katika makundi, wengine wakapata pungufu zaidi na wengine wakaondolewa kabisa. Tumeelezwa kwamba fedha za wafadhili zimepungua, na tunaamini. Sisi tunaona jambo hilo kwa macho ya dereva: katika asilimia 60, palipokuwa na malori kumi yalibaki sita. Malori manne hayakuja. Na kwa kila lori lisilokuja kuna watu 833. Tunaomba wenye kuandika taarifa za Kampala na Geneva waandike hivyo pia, kwa idadi ya malori yasiyofika, kwa sababu asilimia haina uso.

Mwisho wa kampuni

Tunakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tukubali kusema leo.

Kampuni yetu ilifungwa mwaka 1997. Magari yalikuwa yamechomwa, mengine yamekaa bila vipuri. Madereva tulikuwa tunadai mishahara ya miezi minne na malipo ya miaka ya kazi. Mfilisi aliweka tangazo katika gazeti la Kampala: mwenye kudai alete barua ya kuajiriwa na hati ya mshahara wa mwisho katika siku 30. Gazeti lile halikufika Koboko. Habari ilitufikia kwa mdomo, siku zikiwa zimepita. Hata zingekuwa hazijapita, barua za baadhi yetu ziliungua pamoja na magari, na za wengine ziliungua katika nyumba zilizochomwa Yei.

Madereva angalau tulikuwa na barua za kuungua. Matanboi hawakuwa nazo. Kwa desturi ya wakati ule, tanboi hakuajiriwa na kampuni. Aliokotwa na dereva, akalipwa na dereva kutoka posho ya safari. Katika vitabu vya kampuni hakuwapo. Mtu alifanya kazi miaka 17, akapoteza vidole akiokoa gari la kampuni, na siku kampuni ilipofungwa jina lake halikuonekana katika orodha yoyote, hata ya wale wasiolipwa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba mtu naye hupotea hivyo hivyo.

Hata akiba tulizojiwekea wenyewe zilitutoka. Mei 1987 Uganda ilibadilisha fedha zake: sifuri mbili ziliondolewa, na asilimia 30 ikakatwa. Aliyekuwa na shilingi 100,000 za zamani alipata 700 mpya. Oktoba 1993 Zaire nayo ilibadilisha, zaire milioni 3 za zamani kwa moja mpya. Dereva wa mpakani aliyeweka fedha kidogo huku na kidogo kule alipigwa pande zote mbili. Aliyenunua mbuzi alipona.

Hatuyasemi haya ili mtuhurumie. Yamekwisha kupita, na miongoni mwetu hakuna anayengoja malipo tena. Tunayasema kwa sababu tunaona mambo ya namna hiyo yakianza upya kwa watoto wetu. Tunawaona vijana wa makazi haya wakiitwa asubuhi kushusha magunia, kuchimba mitaro, kupanda juu ya malori ya wakandarasi. Jioni wanapewa noti mkononi na kwenda zao. Jina halikuandikwa. Kijana akivunjika mguu, nani atasema alikuwa kazini? Gogo lingali mkononi mwa tanboi, na tanboi bado hayumo kitabuni.

Waliokwenda

Katika yadi ya Arua, kufikia mwaka 1985, tulikuwa watu 46, madereva na matanboi pamoja. Tumewahesabu kwa vidole chini ya mwembe, jina baada ya jina. Tuliobaki ni saba. Baadhi walikufa kwa ajali, baadhi kwa risasi na mabomu. Lakini wengi zaidi walichukuliwa na ugonjwa ambao kwanza tuliuita Slim, ulioonekana Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupanda lori pamoja nasi kutoka kituo hadi kituo. Wakati ule dawa hazikuwapo. Tuliwapeleka wenzetu kwao wakiwa wepesi kama watoto, na mara nyingi mke alifuata baada ya miezi. Leo upimaji upo na dawa hutolewa bure katika vituo vya afya, hata kwa mkimbizi. Vijana, msituige kufa. Pimeni, mmeze dawa, muishi.

Kuna matanboi kati ya wale waliokufa ambao tulijua jina moja tu, au jina la utani. Hatukujua kijiji chao. Waliokotwa njiani wakiwa wavulana, wakafa njiani wakiwa wanaume. Mpaka leo hakuna mahali jina lao lilipoandikwa.

Maombi yetu

Ndugu Mwenyekiti, tuna maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kwa Kamati. Tumeandika majina 39 katika daftari la kurasa mia, na mahali tulipojua jina la utani tu tumeandika hilo. Tunaomba daftari hili lihifadhiwe katika sanduku la Kamati pamoja na vitabu vya mikutano, na mtu yeyote, mkimbizi au mwenyeji, mwenye ndugu aliyekufa katika njia ile aweze kuja kuongeza jina. Leo tunalikabidhi.

La pili ni kwa mashirika na wakandarasi wao. Kila anayeitwa kufanya kazi, hata ya siku moja, jina lake liandikwe, na yeye atie sahihi au dole gumba, na apewe kipande cha karatasi chenye tarehe na aina ya kazi. Akiumia, karatasi ile imfikishe hospitali. Gharama yake ni daftari na kalamu. Sisi wazee tuko tayari kukaa mlangoni pa ghala na kuandika, bila malipo, kwani kuhesabu tunajua.

La tatu ni kwa vijana na wazazi wao. Kila karatasi mliyo nayo, ya shule, ya kazi, ya usajili, ya leseni, ifanyiwe nakala, na nakala ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Wengi mna simu zenye kamera: pigeni picha. Moto hauwezi kuchoma nyumba mbili kwa siku moja kwa urahisi. Na wale wanaotaka kujifunza gari, waje. Lori hatuna, lakini kuna injini ya zamani nyuma ya karakana, na tunaweza kufundisha majina ya vyuma, kazi ya kila kimoja, na zile sheria nne. Jumamosi mchana, chini ya mwembe. Wasichana pia waje. Barabara haimuulizi mtu ni mume au mke, inauliza tu kama anajua gia.

Mabibi na mabwana, siku hizi malori mengi ya Juba hupitia Nimule, tangu barabara ile ilipotiwa lami mwaka 2012. Na mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, watu wa West Nile walikumbushwa tena jinsi maisha yao yanavyoning'inia juu ya madaraja machache. Koboko si kituo kikubwa kama zamani. Lakini tunalala karibu na barabara, na usiku lori zito likipita kuelekea Oraba tunaweza kusema, kwa sauti ya injini tu, kama limebeba au ni tupu, na kama dereva wake amefundishwa vizuri. Tukisikia linashuka kwa gia sahihi tunalala kwa amani.

Tunawashukuru wenyeji wetu wa Koboko kwa ardhi na maji. Tunaishukuru serikali ya Uganda na mashirika kwa ulinzi na msaada. Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Sasa, kwa idhini ya Mwenyekiti, tunaomba wote wasimame, ili majina 39 yasomwe.